Kitambaa cha Guni cha Annet

Mgeni akija kwenye ploti yetu ya Kibera, vitambaa vya makochi hukopwa. Hakuna aibu. Chumba kimoja hutoa cha kochi, kingine cha stuli, na jioni kila kimoja hurudi kwao na doa lake la chai. Basi Annet aliposema mamake Musembi, mchumba wake, anatoka Kawangware kuja kumwona, tulimiminika kwake na vitambaa, na tukakaa papo hapo. Nani angekubali kusimuliwa?

Shida ilikuwa Musembi. Alikuwa amejigamba kwa mamake kwamba Annet hufuma vitambaa vyote mwenyewe. Na huyo mama, Kavindu, kufuma ndiyo biashara yake. Tena alishamkataa msichana mmoja aliyenunua mandazi soko la Toi akadai kayapika.

Kitandani palikuwa na rundo la vitambaa, pembetatu za kila namna. Katunge, mwalimu wetu wa nasari, akaomba futi ya fundi wa nguo, akaanza kuzipanga. Zenye pande zote sawa akatupa vitini. Zenye pande mbili sawa, zile pacha, kwenye kochi, ncha ikining'inia katikati. Ungedhani zimefumwa na mtu mmoja. Kikabaki kimoja, kila upande na urefu wake.

"Hiki ni guni," akasema. "Kificheni."

Tukakisukuma chini ya redio. Ndicho pekee alichofuma Annet mwenyewe.

Kavindu alipofika, Musembi nyuma yake, hata chai haijamiminwa, vidole vyake vilikuwa kwenye vitambaa. Akageuza cha kwanza, akageuza cha pili. Sisi tukaanza kuzungumzia bei ya sukari, wote kwa pamoja.

"Pande zimelingana, lakini mikono ni mingi," akasema. "Msichana wangu, chako ni kipi?"

Musembi akatazama mabati. Annet akainuka, akanyanyua redio, akamwekea guni mapajani.

Kavindu akakipima kwa shubiri, upande baada ya upande, midomo ikimcheza.

"Kweli hiki hukukopa. Nani angekuwa nacho?"

Nyumba nzima ikacheka, Annet mwenyewe akiwa wa mwisho. Kavindu akafungua mkoba, akatoa sindano ya krosheti.

"Sogea hapa. Huku unapunguza vitanzi, huku unasahau. Tunafumua."

Annet akasogea mpaka magoti yao yakagusana. Katunge akaniashiria kwa jicho, nami nikaenda kuongeza maji ya ugali, maana mgeni wa chai alikuwa ameshavua viatu.