Siti ya Mwinjilisti

Nianze na kosa langu mimi, maana watu wa hapa Kilolo wakisimulia habari hii wanaanza na la Mwinjilisti Eliezeri, na mimi nikiwasikia natamani kumrushia mtu spana.

Jumanne ya Juma Kuu Eliezeri alikuja kwenye kibanda changu anasukuma baiskeli aliyoachiwa na baba yake, ya kizamani, fremu nzito. Bomba la siti, lile linaloingia kwenye fremu na kubeba uzito wote wa mtu, lilikuwa limekatika. Nikapima. Fremu za zamani zina tundu lake peke yake. Mabomba ya siku hizi yanacheza humo kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. La saizi yake lilikuwa Igawa, kwa Hamza anayeuza vipuri vya kale. Nikampigia simu, akasema litafika kwa basi Jumamosi.

Fundi mwenye akili angemwambia mteja asubiri. Lakini pale kibandani kulikuwa na watu, na ng'ambo ya barabara mshindani wangu Tadeo alikuwa kafungua kibanda chake cha baiskeli, anatutazama. Na mimi Kalinga mdomo wangu haujawahi kushindwa. Nikamwambia Mwinjilisti akae, leo hii ataondoka amepanda. Nikachukua bomba jembamba, nikalizungushia bati la kopo la maziwa, nikaligonga na nyundo mpaka likaingia, nikakaza nati mpaka ikalia. Nikaipiga siti kofi, nikatangaza kwamba hiyo haitikisiki hata kwa tetemeko la ardhi. Watu wakacheka, Eliezeri akanibariki. Mungu anisamehe, alinibariki kweli.

Ijumaa Kuu alikuwa anateremka mlima kwenda kanisani. Bati likachanika, siti ikageuka na kuzama, mtu akaruka. Na angeangukia mahali pengine popote, basi! Aliangukia mbele ya kilabu cha ulanzi. Msimu wa mvua huo, mianzi inatoa pombe yake, watu wamejaa. Wakamkimbilia na vikombe mkononi, wema wao tu, wakamwinua, ulanzi ukammwagikia shati zima. Alifika kanisani amechelewa, kichwa kimechubuka, anayumba kwa maumivu, ananuka kilabu kizima.

Sasa ujue kwamba Eliezeri kabla ya kuokoka alikuwa mlevi hasa, mlevi wa kulala mtaroni. Miaka kumi na miwili alikuwa hajaonja tone. Lakini Mzee Anord, kiongozi wa wazee wa kanisa letu, alinusa lile shati akasema jasiri haachi asili, na neno hilo likafika kila nyumba kabla ya ibada kwisha. Eliezeri aliposema ni siti, hawakumsikiliza. Wazee wakapanga kikao baada ya majuma mawili. Wakiamua alikunywa, kazi hana, na nyumba anayokaa na mkewe Damari na watoto wao wanne ni ya kanisa.

Jumamosi asubuhi Damari akaniletea baiskeli. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, kisha akaitazama siti iliyozama. Niliiona ncha ya bati imechungulia pale, imechanika. Tadeo naye alikuwa mlangoni kwake, masikio wazi.

“Fundi,” Damari akasema, “ni siti iliyomwangusha?”

Nikamwambia siti imegeuka kwa sababu mtu kaanguka, si kwamba mtu kaanguka kwa sababu siti imegeuka. Akauliza tena, polepole, kama anayempa mtu nafasi. Nikajibu yaleyale. Akaenda zake, na huko akawaambia wazee ukweli wa alichosikia, kwamba fundi anasema baiskeli ilikuwa nzima. Damari hasemi uongo hata wa kumfaa.

Bomba la Igawa lilikuwa limefika na basi la asubuhi. Nikafanya kazi ambayo sijawahi kufanya maishani. Nilisugua kutu ndani ya fremu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Nikapaka grisi kidogo, nikateremsha bomba likaingia bila kugongwa, nikaliacha lizame vidole sita kwenda chini, nikakaza nati taratibu. Nadhani nilitaka kulipa kwa mikono nilichokataa kulipa kwa mdomo. Lile bati nikalitupa chooni. Bomba jembamba nikalikata, nikalifanya mpini wa tupa yangu ya kusugulia chuma.

Ikawa hivyo majuma mawili. Kila nikishika ile tupa nilimshika Eliezeri. Siku ya kikao nikashindwa, nikaingia, nikasimama mbele ya wazee wote na kusema kila kitu, bati, kopo, nyundo, na uongo niliomwambia Damari. Moyo ulikuwa mwepesi. Nilijua nimemwokoa.

Mzee Anord akaniuliza bati liko wapi. Chooni. Bomba je? Nikatoa tupa mfukoni. Wakapokezana ile tupa, kila mmoja akaigeuza akaona mpini wa tupa.

Basi wakaiendea baiskeli pale nje. Wakampandisha Mzee Sosthenes mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kilo mia na zaidi. Akateremka mlima uleule, mashimo yaleyale, akarudi anahema. Siti haikusogea hata unywele. Wakaishika watu wawili, wakaivuta, wakaizungusha. Wapi! Nikawaambia hilo ni bomba jipya nililotia Jumamosi, wakaona natunga.

“Kalinga,” Mzee Anord akasema, kwa upole kabisa, “kumpenda rafiki ni jambo jema. Lakini usikisingizie chuma.”

Nilimgeukia Damari, nikitaka aseme neno. Alikuwa ananiamini, niliona. Yeye peke yake, na mumewe.

“Nilikuuliza mara mbili, fundi,” akasema.

Walihama mwezi uliofuata, kwenda kwa kaka yake Damari huko Rujewa, wakalime mpunga. Lori lilipita mbele ya kibanda changu, magodoro, masufuria, watoto, na baiskeli imefungwa juu kabisa, siti imetazama nyuma. Eliezeri alinipungia mkono. Barabara yetu unaijua, baada ya mvua ni mahandaki matupu, na lori lilikuwa linarusha kila kitu. Nikasimama katikati ya njia namwomba Mungu ile siti ilegee, igeuke mara moja tu, watu wote waone. Nililisindikiza kwa macho mpaka konani. Haikulegea.