Sehemu ya Pili ya Sayari ya Chumvi

...kwa sababu jiwe lile lilikuwa la kaburi, kila mwenye macho aliliona, lina maandishi na lina maua juu yake, na yule mwanamke alisimama mbele yake ameibana kofia yake ya chuma kwapani, na sauti ikasema kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba mumewe alikufa langoni, miaka kumi na miwili iliyopita, na yeye Cleopa, mtafsiri wa banda la video, mtu aliyewekwa pale kusema kinachosemwa, akasogeza maiki mdomoni akawaambia watu kwamba hilo ni jiwe la ukumbusho tu, mume yuko njiani, halafu picha ikaendelea na yeye akaendelea nayo, dakika arobaini nzima akimkokota marehemu kama mtu anayesukuma baiskeli yenye pancha, yuko njiani, anakaribia, amekwama kwenye vimondo, mpaka umeme ukakatika, na sasa maiki ilikuwa imezimika mkononi mwake, deki imemeza kanda, kioo cha televisheni kimekuwa cheusi, na jua la Jumapili la Kimamba likapenya kwenye matundu ya misumari ya bati likawatia madoa watu wote waliojaa kwenye mabenchi, na hakuna aliyetoka, maana umeme siku hizi hukatika na kurudi, utarudi tu, alisema mwenye banda akiwa mlangoni, tulieni, utarudi sasa hivi, nao wakatulia kwa namna yao, yaani wakaanza kubishana.

Mudi, fundi baiskeli wa pale stesheni, ndiye aliyeanza, akisema picha ni mbovu, miaka mitatu mtu unaisubiri halafu hakuna hata ngumi moja, watu wamekaa mezani wanazungumza kama mkutano wa kijiji, na stelingi mwenyewe, huyo mume shujaa wa picha, yuko wapi, tangu lini stelingi akachelewa dakika arobaini kwenye picha yake, na mtu kutoka nyuma akamjibu kwamba stelingi kapunguzwa kazi, chombo cha angani kimepata mwekezaji, na banda likacheka, wale waliopunguzwa kweli kwenye shamba la mkonge wakicheka kuliko wote, na Cleopa akacheka pia kwa mdomo, huku jicho lake likienda lenyewe kwenye benchi la pili la wanawake, likamkuta Magreti, na likarudi haraka... hakucheka, Magreti hakucheka, alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza mvua inakotokea, na Joha wa maandazi aliyekaa ubavuni mwake alikuwa akisema kwa sauti kubwa kwamba yeye hii ameipenda kuliko ile ya kwanza, mwanamke anaendesha chombo peke yake, anaamuru wanaume wenye ngao nao wanatii, mnataka nini tena, na Mzee Cornel, aliyeendesha kichwa cha treni miaka thelathini kabla ya kustaafu, akasema tatizo si mwanamke wala ngumi, tatizo ni injini, chombo cha sehemu ya kwanza kilinguruma, ulisikia kabisa kwamba kina mzigo, hiki kinapaa kimya kama kishada, na chombo cha namna hiyo hakifiki popote, na mwingine akadai kwamba hii si sehemu ya pili hata kidogo, ni feki ya Dar, wamebandika jina, kwa kuwa stelingi hafi na stelingi hakosekani, hilo halina mjadala, yule bwana alisema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba atarudi... kwa kinywa chake, Cleopa akawaza, kinywa cha nani.

Kiingereza chake alikipata nusu kwenye sekondari ya misheni, alikoishia kidato cha pili, na nusu Mikumi, alikotandika vitanda vya watalii miaka minne, kwa hiyo aliyajua vizuri maneno ya wanyama, ya taulo na ya kuagana, mengine aliyatunga, na watu walijua kwamba anatunga, ndiyo raha yenyewe, wapo waliokwenda Kilosa mjini kutazama picha isiyotafsiriwa wakarudi wakilalamika kwamba haina chumvi, lakini lile la mwisho wa sehemu ya kwanza hakulitunga kwa kutojua, hapana, hapo asijidanganye, mlango wa jiwe ulikuwa unafunga, chombo kimejaa watu, stelingi amebaki upande wa nje ameushikilia mlango kwa mabega ili mkewe apite, na akamwambia maneno matatu au manne ya kuagana, hasa yale ya kuagana ambayo Cleopa aliyajua, nenda, usinisubiri, basi, hakuna la zaidi, midomo ikafunga, mlango ukafunga, na Cleopa na maiki yake akasema, "Nisubiri, mke wangu, nitarudi sehemu ya pili," na wanawake wakalia, na wanaume wakapiga miluzi, na tangu siku ile mji mzima ukawa unaulizia sehemu ya pili, kwenye mashine ya kusaga, kisimani, msibani hata, mtu akitoka Morogoro anaulizwa kwanza sehemu ya pili ndipo asalimiwe, na waliotengeneza picha ile huko kwao hawakuwahi kuahidi kitu, ahadi ilitoka hapa, kwenye banda hili la bati, na aliyeitoa ni yeye.

Alifanya kwa ajili ya Magreti, hivyo ndivyo alivyojiambia miaka yote mitatu, kwa ajili ya shemeji yake, maana wiki mbili kabla ya siku ile kaka yake Stefano alikuwa amepanda treni pamoja na Gabrieli wa Kisanga kwenda kwenye machimbo ya kaskazini, shamba limempunguza na barua ya kumpunguza ameitia mfukoni, amevaa viatu vya kazi, anacheka, akamwambia Cleopa mtazame shemeji yako na bati la jikoni linavuja, na Magreti alikuwa amekaa benchi hili hili, macho mekundu, na mtu mwenye moyo angefanya nini, angemwambia mwanamke wa namna hiyo usinisubiri, mbele ya watu, kwenye spika... na Magreti akasubiri, sasa nani anasubiri mume kwa sababu ya picha, hakuna, alisubiri kwa sababu ni mke wa mtu na mume aliandika barua mbili mwaka wa kwanza na moja mwaka wa pili, ndiyo, lakini wazazi wake walipomwita Ruaha arudi nyumbani awasaidie na miwa, aliwajibu kwamba aliyeondoka amesema atarudi, na Cleopa alikuwepo, alikuwa anakula ugali wake, ugali uliopikwa na Magreti, na akakumbuka kwamba Stefano hakusema neno kama hilo, Stefano alisema bati linavuja.

Na Gabrieli alikuja, hii ndiyo sehemu ambayo akili yake ilikuwa ikiikwepa tangu asubuhi na sasa katika giza hili la madoa madoa haikuwa na pa kukwepea, alikuja siku ya mnada Kilosa, siku ishirini na tatu zilizopita, amekonda, akamvuta Cleopa nyuma ya vibanda vya mitumba, hata shikamoo ya mdogo kwa mkubwa aliisahau, akasema shimo lilifunga, wakati wa zile mvua kubwa, walikuwa sita chini, tulichimba siku mbili na usiku mmoja, maji yakatushinda, tukaacha, sina cha kukuletea, hata shati, mwambie shemeji, mimi sina uso wa kumtazama... na Cleopa akaitikia, akasema nitamwambia, akapanda gari la mizigo kurudi Kimamba, na alipofika Magreti akamwekea maji ya kuoga na kumuuliza mnadani kuna nini, akasema hakuna kitu, nguo tu. Kesho yake akasema ngoja mvua ikatike. Mvua ikakatika, akasema ngoja amalize palizi. Akamaliza palizi, na ndipo ikaja habari kwamba kanda ya sehemu ya pili imefika, Magreti akafurahi, akafurahi kweli, akasuka nywele, na Cleopa akajiambia basi ngoja aione picha, angalau hiyo... siku ishirini na tatu, mtoto wa mama yake hajaliliwa, hakuna turubai, hakuna sala, hakuna aliyenyoa, ndugu yake yumo ndani ya udongo wa watu na yeye anatafsiri picha.

Na kama ingekuwa ni huruma tu, mbona alipolala alikuwa hawazi machozi ya Magreti, alikuwa anawaza baada ya arobaini, wazee wa ukoo watakaa, watakohoa, wataliweka suala la mjane, na watamtazama yeye, maana hana mke na yumo humo humo kwenye ua, ama Magreti akubali kurithiwa naye au afungashe aende Ruaha, hakuna njia ya tatu, na watu watasema ndiyo maana alikuwa kimya, kumbe alikuwa anaotea, na alilikasirikia neno hilo kwa sababu lilimkaa sawasawa, alikuwa anapenda nyumba ile ilivyo, taa imewashwa, sahani imefunikwa, sauti ya Magreti ikimuita kutoka jikoni, alitaka ibaki hivyo hivyo, na ingebaki tu iwapo Stefano angebaki njiani, anakaribia, amekwama... Mungu wangu. Akaiona siku ile ya kwanza upya, lakini safari hii hakumtazama stelingi wala mkewe, alijiona yeye, kijana mwenye maiki kwenye kiti kando ya televisheni, ambaye wakati anasema yale maneno hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama benchi la wanawake. Nisubiri. Hakusema Stefano, hakusema yule mzungu wa mlangoni, alisema Cleopa, kwa sauti yake mwenyewe, kwenye spika mbili, mbele ya mji mzima, na hakuna aliyemsikia, hata yeye hakujisikia mpaka leo.

Mudi akamwita, wewe Cleopa, mbona kimya, na kelele ikapungua, na Mudi akasema, "Wewe ndiye unayekijua Kiingereza. Tuambie tu, stelingi anakuja au haji?" na neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, subirini, subirini umeme urudi mtaona wenyewe, mtu mzima yeyote angesema hivyo na kupona, lakini alipolisikia linakuja akaliogopa, akaiweka maiki juu ya deki, akasema amekufa, na bila spika sauti yake ilikuwa ndogo, wa nyuma wakauliza kasemaje, ikabidi arudie. "Amekufa. Walisema mwanzoni kabisa, pale kwenye jiwe. Mimi nikaruka."

Banda likawaka kwa kelele, Mudi akisema si nilisema, si nilisema ni mbovu, Joha akisema yeye alijua tangu alipoona maua, mtu aliye hai hawekewi maua, Mzee Cornel akisema haiwezekani kabisa, bwana yule aliahidi na dereva akiahidi kituo anafika, na wa feki ya Dar akisema wamemuua wao wenyewe huko Kariakoo kwa kukata kanda, na wawili wakaanza kushikana mashati kuhusu kitu ambacho hakuna kati yao aliyekielewa, na Cleopa akangoja hasira zote zimwangukie, akataka zimwangukie, na badala yake katikati ya makelele yale akasikia, taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, sauti ya benchi la pili.

"Shemeji," Magreti akasema, "na ile siku ya kwanza, pale mlangoni, alimwambia nini mkewe?"

Alikuwa amenyanyua uso, doa moja la jua limemkaa kwenye shavu, na hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza kwa kutaka kujua, kama mtu aliyelishtukia jambo muda mrefu akaliacha lilale, na Cleopa akaona kwamba dakika zote hizi alikuwa anaomba umeme urudi na sasa anaomba usirudi, usirudi kwanza, kwa maana ukirudi atashika maiki, na akishika maiki hatasema kweli tena maisha yake yote.

"Alimwambia asimsubiri."

Magreti akasema kumbe, basi, kumbe, na akaendelea kumtazama, na Cleopa akajua kwamba jibu hilo ni nusu, na kwamba Magreti anajua kuwa ni nusu, akashuka kwenye kiti chake kile cha kando ya televisheni ambacho hajawahi kukiacha picha ikiwa haijaisha, akapita kati ya magoti ya watu, samahani, samahani, mtu akamuuliza unakwenda wapi na picha bado, akafika kwenye benchi la pili, akasema kwa chini, "Shemeji, tutoke nje. Nina neno," na nyuma yao watu walikuwa bado wanabishana kama stelingi anaweza kufufuka umeme ukirudi, na Magreti akasimama, akavua kitenge alichojitanda mabegani, akakizungusha kiunoni, akakaza fundo, kama wanavyofanya wanawake kabla ya kuingia nyumba yenye msiba, akatangulia kutoka.