Rangi Nyeusi ya Dashibodi

Kilichomchosha Bonareri zaidi ni mashati. Kila walipotoka Homa Bay, ambako mumewe Mayaka alikuwa akifanyishwa mazoezi ya viungo tangu apatwe na kiharusi, mkono wa kushoto wa shati lake ulirudi na doa la kijivu lisilotoka kwa sabuni ya kawaida. Mkono wake wa kushoto ndio uliobaki na nguvu, na kila kona alishikilia nao mlango wa gari asianguke.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla kuukuu. Mayaka alilitumia miaka mingi kusambaza dawa za mifugo, leo Kegonga, kesho Macalder, na kila soko aliliacha juani mchana kutwa. Plastiki ya ndani, iliyokuwa kijivu cha kukolea, ilikuwa imepauka kama jivu. Joto likipanda ilinata na kuacha unga. Bonareri alijaribu kutandika taulo mlangoni, likawa linaanguka. Kumuogesha mgonjwa, kumlisha, kufungua duka la vitambaa mjini Migori, kujifunza kuendesha gari katika umri wake, hayo yote aliyabeba. Lakini kufua shati moja mara tatu kulimshinda. Akaamua kupaka rangi.

Dukani, Mirumbe aliyeuza vifaa vya magari alimwonyesha mkebe wa rangi ya kupulizia.

"Chukua nyeusi ya kung'aa, mama. Gari itakaa mpya."

Akachukua. Jumapili asubuhi alimkalisha Mayaka kwenye kiti nje ya jikoni, akaanza kazi. Alifungua skrubu, akazing'oa plastiki za milango ya mbele, akazisugua kwa sabuni ya vyombo, akazipiga msasa na kuzianika. Dashibodi hakuweza kuing'oa, kwa hiyo aliziba kioo na viti kwa magazeti ili aipulizie humo humo.

Alipotikisa mkebe, Mayaka alisema, "Hapana."

Bonareri hakugeuka. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mumewe neno hilo moja tu. Ukimuuliza kama anataka chai, alisema hapana, kisha akanyoosha mkono kupokea kikombe. Daktari alikuwa ameeleza kwamba akili yake iko sawa, ila maneno ndiyo yamepotea njia. Mwanzoni Bonareri alikuwa akisimama kila mara na kumtazama usoni, apate kujua ni hapana ya namna gani. Siku hizi alikuwa ameacha.

"Hapana," Mayaka alisema tena. Aliuonyesha mkebe kwa kidole, akaonyesha jua, kisha akaweka kiganja juu ya macho.

"Jua linakuchoma?" Bonareri akakivuta kiti hadi kivulini.

"Hapana. Hapana."

"Baba Liz, tafadhali. Niache nimalize. Bado sijapika."

Mayaka alishusha mkono. Jioni, rangi ilipokauka na plastiki kurudishwa mahali pake, dashibodi iling'aa kama kiatu cha harusi. Majirani walikuja kuchungulia wakasifu. Mayaka alikataa kuangalia.

Jumanne waliondoka kwenda kliniki. Walipoiacha Rongo na kushika barabara ya Homa Bay, jua lilikuwa utosini. Bonareri akaanza kuona vitu viwili kwa wakati mmoja. Dashibodi nzima ilikuwa imejichora kwenye kioo cha mbele, matundu ya hewa na kila kitu, na barabara ikawa inapita nyuma ya picha hiyo. Alikunja macho. Alifikiri ni uchovu, maana usiku hakuwa amelala vizuri. Mayaka alikuwa ametoa kichwa dirishani, akitazama mbele kupitia nje.

"Hapana!" alipiga kelele, akaipiga dashibodi kwa kiganja.

Mguu wa Bonareri ulikanyaga breki kabla hajajua kwa nini. Gari likayumba, likaingia kwenye nyasi, likazima. Mbele yake, karibu kuliko alivyotaka kuamini, mwanamke alikuwa amesimama na mikono hewani. Toroli lake lilikuwa limepinduka na mananasi yalikuwa yakibingirika barabarani.

Bonareri alishuka. "Umeumia?"

"Sijaumia. Toroli ndiyo nimeachilia." Mwanamke huyo, Lorine, alikuwa akihema. "Kwani mama, hukuniona?"

"Sikukuona. Naapa sikukuona."

Lorine alienda akainama mlangoni, akaangalia barabara kutoka upande wa dereva. "Mos," alisema kwa upole, kwa Kijaluo, kama anavyopewa pole mtu aliyefiwa. "Hii gari yako imejiwekea kioo cha kujitazamia ndani."

Ndani, Mayaka alikuwa akihangaika kuvua sweta kwa mkono mmoja. Hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyeelewa anataka nini. Alipofaulu, aliitandaza juu ya dashibodi, akainyoosha pembe zake. Kioo cha mbele kikawa safi.

Bonareri aliona. Mkebe, jua, kiganja juu ya macho. Aliketi kwenye nyasi palepale.

"Ulikuwa unaniambia," alisema.

"Hapana," Mayaka akajibu, akitikisa kichwa juu na chini kukubali.

"Na mimi nikakusogezea kiti."

Alilia kidogo, bila sauti, huku Lorine akiokota mananasi. Kisha aliinuka akamsaidia kuyapakia, akamwomba radhi, kisha yeye na Mayaka wakaendelea polepole na sweta hiyo mbele yao.

Baada ya kliniki hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Katika duka moja la rangi mjini Homa Bay, Bonareri alimwomba muuzaji alete mikebe yote kwenye gari. Alimshikia Mayaka mmoja baada ya mwingine bila kumuuliza neno. Yeye aliikwaruza rangi ya mfuniko kwa ukucha, akaugeuza mkebe kwenye mwanga, akaurudisha. Alichukua muda mrefu na muuzaji alianza kupumua kwa nguvu. Mwishowe aliweka mapajani mkebe wa kijivu kisichong'aa na hakuuachia.

Jumapili iliyofuata walianza upya. Rangi nyeusi ilitoka kwa shida. Mayaka alipewa plastiki ya mlango mmoja magotini na kipande cha msasa, akasugua kwa mkono wa kushoto, akipumzika, akisugua tena. Alimaliza huo mmoja tu. Bonareri angeumaliza upesi zaidi, lakini alimwacha, naye akashughulika na dashibodi hadi mabega yakafa ganzi. Alipopulizia ile ya kijivu, ilichuruzika kidogo karibu na redio. Hakuirekebisha.

Jirani yao Marion alipita akitoka kisimani, akawakuta wameketi bega kwa bega kwenye kizingiti, vidole vya kijivu.

"Naona mbele kumeiva," alisema. "Na milango ya nyuma?"

Bonareri alimtazama Mayaka usoni, akangoja. Mayaka alifumba macho, akaegemeza kichwa ukutani.

"Ya nyuma ibaki hivyo," Bonareri alisema. "Tumechoka."