Pindo la Shati la Jarvis

Baba alimpa Jarvis kiti chake cha kuwindia juu ya mti mbele ya watu, pale kambini, kabla hata sijamaliza kunawa mikono. Kisha akanigeukia mimi.

"Zella, kesho umfundishe shemeji yako kukibeba na kukifunga. Usimfokee."

Jarvis ni mume wa mdogo wangu, Setta. Ameoa kwetu mwaka huu. Ni fundi wa viyoyozi kutoka mjini Montgomery, mtu wa maneno mengi na meno meupe, na hadi msimu ule alikuwa hajawahi kumwona kulungu ila barabarani, amegongwa na gari. Mimi nimewinda na Baba tangu nilipoweza kuvuta upinde. Kila msimu nimelala katika kambi ile ya mbao, nimepika maharage, nimechuna ngozi, nimemshika Baba mkono akishuka kwenye ukingo wa kijito tangu magoti yake yalipoanza kumsaliti. Sasa magoti yamekataa kabisa, Baba hapandi tena mti, na kiti chake, kile ambacho sehemu za mikono alizizungushia jinzi kuukuu ili chuma kisigonge, kimekwenda kwa mgeni.

Utasema nina changu. Ndiyo, ninacho, tena kipya. Lakini sikuwa nalilia kiti. Watu hawamwachii mtu kiti chao bure bure. Wanamwachia na nafasi yao. Niliona wivu, nasema waziwazi, wivu wa kukosesha usingizi.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema Baba Mdogo Rufus, mdogo wake Baba, akimwongezea Jarvis kipande cha soseji ya kulungu. Mimi mwenyeji sikuona nilichopona.

Kesho yake mchana tukaingia msituni. Kiti cha kupandia kina vipande viwili, cha kukalia na cha kusimamia, na ukienda nacho unavilaza kimoja juu ya kingine, unavikaza kwa mikanda na kuvibeba mgongoni. Usipokaza, vinagongana kila hatua, na msitu mzima wa Alabama unajua umefika. Jarvis hakukaza.

"Shem, unasikia huo muziki?" akasema, mgongo wake ukilia kama kabati la sufuria.

"Nasikia. Na kulungu wote wanasikia. Simama."

Nikamkazia mikanda. Nilikaza zaidi ya inavyohitajika.

"Aisee! Shem, unataka nipumue au nisipumue?"

"Utapumua ukifika."

"Kumbe ndiyo maana Setta aliniambia, ukienda na dada yangu msituni, andika wosia kwanza."

Akacheka mwenyewe. Nilitaka kucheka na nikajizuia. Huo ndio ubaya wa Jarvis: ukitaka kumchukia inabidi ufanye kazi.

Nilimchagulia msonobari ulionyooka, usio na matawi hadi juu, unaotazama mialoni ambako kulungu hushuka kula. Nikamwonyesha. Unazungusha waya wa kila kipande nyuma ya shina na kufunga. Unaviunganisha vipande viwili kwa kamba, maana cha chini kikikuponyoka ukiwa juu, utabaki umekaa huko kama ndege asiye na mabawa. Unavaa mkanda wa usalama kabla mguu haujaacha ardhi. Kisha unapanda ukiukabili mti: unakaa, unainua kipande cha chini kwa nyayo, unasimama, unainua cha juu, unakaa tena. Polepole, kama kiwavi. Upinde unaufunga kwa kamba chini, unauvuta ukishatulia.

"Na hapa," nikamwambia, "usikifunge kikiwa sawa. Kiinue mbele, kielekee juu kidogo."

"Kwa nini? Nitakuwa kama nimekaa kwa daktari wa meno."

"Kwa sababu mti unapungua unene kadiri unavyopanda. Ukianza sawa chini, juu kitainama na wewe utateleza. Ukianza kimeinuka, juu kitakuwa sawa."

Akanitazama kwa adabu kabisa. "Baba alikufundisha hivyo?"

"Baba *yangu* alinifundisha hivyo."

Akafunga kama nilivyomwambia. Akapanda. Nikamwacha, nikaenda kwenye mti wangu mbali kidogo.

Jioni alirudi kambini anakimbia. Kulungu dume alipita chini yake kabisa, akasimama, akajikuna sikio. Jarvis akaachia mshale. Mshale ukaingia kwenye gogo lililooza, na kulungu akaondoka bila hata haraka.

Sasa, kwetu ukikosa, unakatwa pindo. Ni sheria ya kambi tangu enzi za babu yangu. Wanakugeuza, wanakuchomoa shati nyuma, wanakata kipande cha pindo kwa kisu, wanaandika jina lako na mwaka, na wanakipigilia ukutani juu ya jiko. Ukuta ule umejaa. Mapindo ya Baba yapo, matatu. Ya Rufus sijui mangapi, Rufus ana ukuta wake. Wanaume waliokufa wamo pale, shati la flaneli, shati la kazi, shati la kanisani la mtu mmoja aliyekuja kuwinda moja kwa moja kutoka harusini. Na kila kipande kina hadithi yake inayosimuliwa kila msimu na kuongezwa chumvi.

Langu halimo.

Nilikosa nikiwa na miaka kumi na minane. Nilirudi nikasema nimekosa, nikageuka, nikasubiri. Rufus akashika kisu. Na Baba akasema, "Aa, mwacheni, ni mtoto wa kike." Wakanipa kiti nikae na kipande kikubwa cha mkate wa mahindi. Nilikula ule mkate hadi leo haujashuka. Tangu hapo sijakosa, na kwa kuwa sikosi, ukuta haunijui.

Jioni ile wakamkata Jarvis. Alipiga kelele kama anachinjwa. "Jamani hili shati kanipa mama yangu!" Baba ndiye aliyekata, amesimama kwa magoti yake mabovu, anacheka hadi anafuta macho. "Tulia wewe, nisije nikakata na kisichokatwa!" Rufus akaanguka kwenye benchi. Wakapigilia. Kisha Baba akamshika Jarvis shingoni, akamwambia, "Sasa umekuwa wetu."

Nilisimama karibu na sinki nikiwa na sahani mkononi. Roho iliniuma hadi nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Siku mbili! Mtu ana siku mbili na upinde, amelenga gogo, na amekuwa wa kwao. Mimi nimekuwa wa nani muda wote huo?

Siku iliyofuata sikumsubiri mtu. Baada ya chakula cha mchana nilibeba kiti changu nikaondoka, na njiani nilikuwa nazungumza peke yangu kama mwendawazimu. "Umekuwa wetu." Nilifika kwenye mti. Nilifunga waya kwa hasira, nikafunga kamba kwa hasira, nikapanda kwa hasira. Hasira haiinui kichwa ikatazama kazi. Nilipofika juu na kugeuka kukaa, ndipo nikahisi vidole vya miguu vinakwenda mbele vyenyewe. Kiti kilikuwa kimeinama. Nilikuwa nimekifunga sawa kule chini, sawa kabisa, kama mtu asiyewahi kufundishwa.

Ningeshuka nikaanza upya. Lakini mialoni ilikuwa inadondosha mbegu zake, na chini ya ule wa pili nikaona mgongo wa kijivu unasogea. Dume. Akaja taratibu hadi mahali ambapo hata Jarvis angempata. Nikasimama, nikavuta. Visigino vilikuwa juu, vidole chini; mkanda wa usalama ulinibana, na wakati naachia, buti likateleza kidogo tu, kiasi cha unene wa kidole. Mshale ukapita juu ya mgongo wake ukapotelea kwenye majani. Akaruka mara moja, akaonyesha mkia mweupe, basi.

Nilikaa pale juu ya kiti kilichoinama. Nilijitukana kwanza. Kisha, taratibu, kitu kingine kikaingia moyoni, na ninaona haya kidogo kusema kilikuwa furaha. Nimekosa. Hakuna aliyeniona, ningeweza kurudi na kusema sikuona kitu. Lakini nilishuka haraka, nikabeba kiti, nikarudi kambini karibu nikikimbia.

Walikuwa mezani, Baba, Rufus na Jarvis, wanamenya karanga za kuchemsha.

"Nimekosa," nikasema mlangoni. "Dume. Karibu kabisa. Kiti nilikifunga vibaya."

Nikaweka kiti chini. Nikageuka, nikawapa mgongo.

Nikasikia ganda la karanga likidondoka kwenye bakuli.

"Aa, pole mwanangu," akasema Rufus. "Upepo huo. Njoo ukae, ule."

"Umechoka," akasema Baba. "Mpe chai ya baridi, Rufus. Weka barafu."

Nilibaki nimegeuka. Sikuweza kuwatazama. Nilikuwa naangalia mlango na kufikiri kwamba nikitoka nje sasa hivi sitarudi tena kambi hii, wala msimu ujao, wala mwingine, wagawane viti vyao.

Kisha benchi likalia.

"Samahani," akasema Jarvis, "mimi mgeni, labda sielewi. Kisu kiko wapi?"

"Kisu cha nini?" akauliza Baba.

"Cha nini tena, mzee? Jana mmenikata shati la mama yangu. Huyu shem kakosa, kakiri mwenyewe, mgongo huo hapo. Au sheria ni ya watu wa Montgomery tu?"

Jarvis, kwa kuwa hakujua kwamba mimi sikatwi, alichukua kisu pale penye mkate, akanichomoa shati nyuma na kukata. Alikata ovyo, hadi karibu na mbavu. Baridi ikaniingia mgongoni.

"Pole, shem. Wewe ulinikaza mikanda."

Na mimi nikacheka. Nikacheka hadi nikashika meza. Rufus akacheka. Baba alicheka mwishowe, ila macho yake yalikuwa juu yangu na yalikuwa na swali.

"Nilidhani ungelia," akaniambia. "Siku ile. Mama yako hakuwepo tena, nikaona nikikukata utalia, na mimi sitajua nifanye nini."

"Nililia hivyo hivyo, Baba. Wewe ulikuwa umelala."

Akainuka akishika ukingo wa meza, akachukua kalamu, akaandika jina langu kwenye kipande kile, herufi kubwa, polepole. Jarvis tayari alikuwa ukutani na nyundo, na misumari katika meno. Nilipata nilichokitaka tangu ujana wangu, na aliyenipa ni mgeni yule yule. Mkono uliokata haukuwa wa baba yangu. Nilimshukuru Jarvis, na bado nilimwonea wivu, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Walisimama bega kwa bega wanakipima pale ukutani, karibu na kile cha jana.

"Kimekaa sawa?" Baba akauliza. Alikuwa anamwuliza Jarvis.

"Kimepinda," nikasema mimi, kabla Jarvis hajatoa misumari mdomoni. "Niachieni. Ni changu."