Mgonjwa wa Mstari wa Tatu

Mke wa mwanawe alipofunga mashine ya kumwagilia kwenye banda la nailoni, kazi ya Bibi ya kumwagilia iliishia hapo. Mashine ilichanganya maji na mbolea yenyewe, ikayapitisha kwenye mipira, tone kwa tone, hadi kwenye shina la kila mche wa pilipili hoho.

"Sasa Mama pumzika," aliambiwa.

Akapumzika, shingo upande.

Siku moja, katika kupitapita, aliona mche wa mstari wa tatu umechomekwa waya shinani. Marehemu mumewe naye walimchomeka hivyohivyo hospitalini. Basi kila asubuhi, akishamaliza sala, Bibi alimpelekea mgonjwa wake kikombe cha maji, akamwombea kwa Mungu, akaondoka kimyakimya.

Mgonjwa akanenepa. Wenzake banda zima wakalegea majani kama masikio ya mbuzi.

Mwanawe alikuwa amesema tangu mwanzo: hoho zikifa, banda linakuwa la kuku. Siku fundi wa mashine alipoitwa, mwana huyo aliingia na jogoo kabisa kwapani.

"Si ungesubiri basi tuzike?" mkewe alimwambia, machozi yakimlengalenga.

"Anakagua chumba tu."

Fundi aliinuka. "Mashine ni nzima. Inasema udongo umelowa chepechepe, ndiyo maana haifungui maji."

"Umelowa wapi, na mimi hapa napiga chafya kwa vumbi?" mwana alidakia.

"Inapima kwa waya ule pale."

Bibi alihisi kikombe kimekuwa kizito ndani ya mtandio. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mkwewe alikuwa akijifuta macho kwa kiganja chenye udongo, na jogoo amemkodolea Bibi jicho moja kama shahidi.

"Mimi nilidhani ametundikiwa dripu," alisema, akitoa kikombe na kuuonyesha mche.

Mkwewe akacheka mpaka akakaa chini. "Mama! Umenywesha mmoja, ukatuulia ukoo mzima!"

Fundi akahamishia waya penye ukavu. Mipira ikakohoa, ikatema maji. Jogoo akachomoka, mwenyewe akatoka mbio nyuma yake.

Kesho yake alfajiri, mkwe alimkuta Bibi kwenye mche uliohamishiwa waya, mkono mmoja mgongoni.

"Mama. Kikombe."

"Kitupu," Bibi alisema, akakipindua aone. "Namwombea tu. Au na hilo mashine inapima?"