Maneno Yenye Uzi Mwekundu

"Si pasi hiyo, wifi! Utaifikisha jikoni."

Bibi Pasi alikuwa amekisukuma kipanya cha kompyuta mpaka ukingoni mwa meza. Ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka, na mkono uliozoea kusukuma husukuma tu. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, karani mstaafu mwenye maneno yake, akamshika mkono taratibu na kuurudisha katikati.

"Haya, bonyeza. Polepole, huui mbu."

Wakacheka. Lakini siku hiyo Bibi Pasi hakuja kucheka. Binti yake anayeishi mbali alikuwa ameharibikiwa na mimba aliyoingoja miaka. Simu hapokei. Alimwandikia shangazi yake barua pepe tu: "Shangazi, mwambie mama asinipigie kwanza. Nikisikia sauti yake nitalia, na sijui nitanyamaza lini. Niandikieni."

Siku zote wifi ndiye aliyemwandikia. Bibi Pasi akisema neno moja, wifi huongeza matano, na nasaha juu yake. Safari hii Bibi Pasi alisema, "Hili nataka niliandike kwa vidole vyangu."

Wifi alikuwa na mzaha mdomoni. Akaumeza. Akamwonyesha herufi zilipo, kitufe kirefu cha kutenganisha maneno, kitufe cha kufuta, na pa kubonyeza barua iende. Kisha akabeba ungo wa maharage ya kuchambua, akatoka uani na kuanza kuimba kwa sauti kubwa, ili aliye ndani ajue kwamba hakuna anayechungulia. Aliimba vibaya, maskini, lakini Bibi Pasi hakuwahi kuupenda wimbo kama ule.

Akaandika kwa kidole kimoja: "Mwanangu mpenzi nimesikia habari." Alipoinua macho, chini ya kila neno palikuwa na kistari chekundu kilichojikunjakunja kama mshono.

Akakirudisha kidole nyuma. Kule kazini, shuka lisilotakata lilitiwa uzi mwekundu pembeni, lirudi likafuliwe upya. Hapakuwa na kuuliza. Ukiona uzi, unafua. Kumbe maneno yake hayajatakata! Akafuta, akajaribu "Binti yangu". Uzi. "Usilie". Uzi. "Mungu". Uzi tena.

"Hata Mungu?" akanong'ona.

Akaandika "Pole". Akangoja. Uzi haukuja. Akaongeza "mama", maana ndivyo alivyomwita binti huyu tangu akiwa mchanga. Nalo likabaki safi. Akajaribu "sana", likapata uzi, akalifuta.

Pole mama.

Aliyatazama maneno yale mawili. Yalikuwa madogo mno, kama kumpelekea leso mtu anayetetemeka kwa baridi. Lakini yalikuwa safi. Akabonyeza.

Wimbo ukakatika. "Imeenda?"

"Imeenda. Ila mashine yako imenikatalia maneno yote, imenibakizia mawili."

Wifi aliposikia habari ya uzi mwekundu aliketi kitako. "Jamani, wifi yangu! Haijui Kiswahili hiyo! Imefundishwa Kiingereza, lugha ya wenyewe; hayo mawili imeyaachia kwa kuwa nacho kina 'pole' yake na 'mama' yake. Mimi hunichorea mistari kila siku, wala siitazami."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimeizoea mpaka nimesahau. Nisamehe."

Bibi Pasi akajishika kichwa. "Mwanangu ana msiba, nami nimempa pole ya mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni!"

Wifi akamwekea chai mbele yake. Chai haijapoa, simu ikalia.

"Mama," sauti ikasema kwa mbali, "ni wewe uliyeandika? Wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka niandike mengi, ila mashine..."

"Usiongeze kitu. Watu wameniandikia mengi, mama. Kila mmoja ananieleza kwa nini imetokea. Wewe umenipa pole tu."

Kisha akalia, kile kilio alichokuwa anakiogopa. Bibi Pasi akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Hakumwambia anyamaze.

Wifi akauchukua tena ungo wake. Akatoka uani, akavuta mlango nyuma yake, na wimbo ukaanza upya.