Kona ya Milingoti

Elieza Mtewele alizima greda katikati ya kona, akashuka, akaanza kuipiga teke ardhi aliyoilainisha mwenyewe nusu saa iliyopita. Jenifer, mwenyekiti wa kamati ya mbio za magari, alimwona kutoka kwenye turubai la wageni akaja mbio, mkono kichwani, kofia isichukuliwe na upepo wa Makambako. Ilikuwa Ijumaa alasiri, na mbio zenyewe zilikuwa kesho yake saa nne asubuhi.

"Baba, limeharibika?" aliuliza. Wazee wote aliwaita baba.

"Halijaharibika. Mimi ndiye ninayetaka kuharibu."

"Kuharibu nini tena?"

"Hii kona, mwanangu. Ni nzuri mno."

Jenifer akaitazama kona. Kama kuna jambo ambalo Makambako nzima ililikubali bila ubishi, ni kwamba barabara iliyopitiwa na Mzee Mtewele unaweza kuendesha gari juu yake hadi Njombe na kikombe cha chai mapajani usimwage tone. Miaka thelathini na mitatu aliendesha greda la serikali. Tangu astaafu, kamati ilimwita kila Septemba aje auandae uwanja wa mbio, ule ulio nyuma ya msitu wa milingoti, palipokuwa na kiwanda cha mbao zamani. Siku mbili tatu hizo ndizo pekee katika mwaka mzima ambazo bado kulikuwa na mtu aliyemhitaji. Hakumwambia yeyote, lakini alikuwa akizingoja tangu Pasaka.

"Baba, nakuomba usinitanie leo," Jenifer alisema. "Wafadhili wamesema wazi. Watu wakiondoka kabla mbio hazijaisha kama mwaka jana, mwakani zinahamia Iringa. Na kamati watasema ni mimi tena."

Mwaka jana! Magari kumi na mawili yalizunguka mara ishirini kwa mpangilio uleule yalioanza nao, yamefuatana kama watu wanaosindikiza jeneza. Hakuna aliyempita mwenzake. Kufika mzunguko wa kumi, akina mama walikuwa wamekwisha kufunga masufuria yao ya viazi na vijana wamerudi stendi. Kwenye kikao cha kamati lawama zote zikamwangukia Jenifer, eti msichana anajua nini mambo ya magari. Elieza alikuwepo kwenye kikao kile. Alikunywa chai ya kamati, akanyamaza, akarudi nyumbani.

Kimya kile hakikumpa usingizi mwema tangu siku hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, naye alikuwa ameficha vya kutosha.

"Jenifer," alisema, "kosa la mwaka jana lilikuwa langu."

"Lako? Barabara ilikuwa safi kama sakafu ya kanisa!"

"Ndiyo kosa lenyewe. Nilitengeneza barabara ya kufika, na nyie mlitaka ya kushindana. Barabara ikiwa laini yote, gari la kwanza linachagua njia moja iliyo bora, na walio nyuma hawana sababu ya kuiacha. Halafu kona kali nikaiweka kule, mwisho wa mnyoosho ule wa barabara unaofuata upepo. Ukiwa nyuma unakula vumbi la mwenzako mpaka huoni boneti yako. Utaovateki nini usichokiona?"

Jenifer akamkazia macho. "Na haya uliyajua siku ya kikao?"

"Niliyajua kabla ya mzunguko wa tano."

"Walinisema mpaka nikalia, baba."

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliona aibu. Mtu anayesifiwa kwa jambo moja tu maishani, leo aambiwe jambo hilo ndilo lililoharibu shughuli, anabaki na nini?"

Jenifer aligeuka akatazama treni ya mizigo iliyokuwa ikipita mbali, akaitazama mpaka behewa la mwisho. Aliporudisha uso, macho yake yalikuwa mekundu, na huenda ni vumbi, huenda si vumbi.

"Kesho watu wakiondoka, utasimama wewe kikaoni."

"Hata wasipoondoka, nitasimama."

"Haya. Fanya unavyojua."

Alichokijua hakukisoma popote. Kabla ya lami, yeye akiwa kijana asiye na kazi, palikuwa na mlima mmoja kwenye njia ya Njombe ambapo malori ya tumbaku kutoka Songea yalikuwa yakipanda kwa taabu. Barabara pale ilikuwa pana kama shamba, maana kila dereva alikimbia mashimo ya mwenzake na kujifungulia njia yake, na upepo uliikata kwa ubavu ukalifagia vumbi lote bondeni. Malori yenyewe yalikwenda mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Lakini mashindano gani yale! Wa nyuma anachomoka, anakata kwa ndani kwenye udongo laini, wa mbele anang'ang'ania ugumu wa nje, matandiboi, wale wasaidizi wa madereva, wananing'inia milangoni wakitukanana Kibena, Kingoni na lugha nyingine ambazo mpaka leo hajui ni za wapi.

Yunisi, ambaye hakuwa bado mke wake, alikuwa akija na mahindi ya kuchoma ndani ya kitenge. Walikaa kwenye ukingo, wamejikunyata kwa baridi, na Yunisi siku zote alimshangilia aliye nyuma.

"Mbona humshangilii wa kwanza?" Elieza alimuuliza siku moja.

"Huyo ameshafika. Nimshangilie wa nini?"

Baadaye lami ikaja, mlima ukachongwa, na Elieza akafurahi kama wote, kwa sababu mgonjwa aliweza sasa kufika hospitali akiwa hai. Hakuna aliyekaa tena kwenye ukingo ule. Na Yunisi alipofariki, miaka mitatu sasa, mumewe hakuikumbuka harusi yao wala ubatizo wa watoto. Alikumbuka vumbi jekundu kwenye nywele za msichana, na mkono wake ulionukia mahindi. Alimkumbuka hivyo kila siku, na kila siku ilimuuma.

Akapanda greda. Kona ile ya milingoti, ambayo upepo uliukata mnyoosho wake kwa ubavu, mwaka jana aliizungusha polepole kama barabara ya kupokelea maaskofu. Sasa aliikunja kwa ukali. Mdomo wake akaupanua, magari manne yaweze kuingia sambamba. Kisha akateremsha meno ya nyuma ya greda, akayazamisha ndani ya kazi yake mwenyewe na kuichana. Upande wa ndani ukawa mfupi lakini laini, tairi linazama. Wa nje ukabaki mgumu lakini mrefu. Kila upande ulikuwa na utamu wake na kero yake.

Mkono haukukubali upesi. Mara tatu alijikuta ameteremsha bapa la greda na anasawazisha, kwa mazoea tu, ikabidi arudi kuchana upya. Mama mmoja aliyepita na mzigo wa kuni alisimama akashangaa, akamsalimu Kibena.

"Kamwene, mzee! Leo umeamkia pombe ya ulanzi?"

"Kamwene. Bado, mama. Kesho."

Jumamosi watu walijaa. Elieza alisimama nyuma ya kamba juu ya tuta la kona yake, upande upepo unakotoka, katikati ya wageni asiowajua. Magari yaliondoka kwa kelele, na Dionis wa Njombe, mwenye gari jipya linalong'aa, akashika mbele. Nyuma yake alikuwa Edson wa Iwawa, na gari kuukuu ambalo siku za kazi hubeba viazi.

Mzunguko wa kwanza, wote walizunguka kwa nje. Wa pili vilevile. Wa tano vilevile. Madereva waliuona udongo ule uliochanwa wakauogopa.

"Nani kaiharibu kona hii?" aliuliza jamaa mmoja pembeni ya Elieza. "Mzee Mtewele siku hizi hayupo?"

"Yupo, ila ameshazeeka," mwingine akajibu. "Macho."

Ng'ambo ya pili, mama mmoja alianza kufunika sufuria lake. Jenifer, chini ya turubai, alimtazama Elieza moja kwa moja, na mzee aliogopa kwelikweli, kuliko alivyowahi kuogopa akiwa na greda kwenye makorongo ya Ludewa. Akaanza kupanga maneno ya kusema kikaoni.

Mzunguko wa saba, Edson alikuja karibu mno. Upepo ulilichukua vumbi la Dionis ukalitupa milingotini, na kijana akaiona kona yote wazi mbele yake. Huko kwao Iwawa barabara miezi sita ni utelezi, na udongo laini haukuwa mgeni kwake. Akakata ndani. Tairi zikazama, mkia wa gari ukayumba, tuta zima likapiga kelele, na magari mawili yakatoka kwenye kona bega kwa bega. Edson akawa mbele! Lakini Dionis, aliyekuwa kwenye ugumu, akashika kasi mapema, akampita tena kabla ya turubai.

Mzunguko uliofuata walirudia. Na uliofuata. Walio nyuma nao wakatamani, wa nne akampita wa tatu, wa tisa akawapita wawili kwa mpigo na akapoteza nafasi zote mbili mita hamsini mbele. Watu wakaziacha kona nyingine wakakimbilia milingotini. Yule mama akaliacha sufuria lake wazi, viazi vikapoa. Mfadhili mkuu, mtu mzima na suti yake, alikuwa amesimama juu ya kiti.

Dionis alishinda kwa urefu wa boneti. Lakini jina lililoitwa tutani lilikuwa la Edson, na Elieza alikuwa akiliita kwa sauti kuliko wote mpaka koo likakauka.

Magari yalipozimwa, hakuna aliyeondoka. Kule turubaini mfadhili alikuwa ameushika mkono wa Jenifer kwa mikono yake yote miwili, anazungumza bila kupumua. Elieza alitaka kwenda, akasita. Watu walikuwa wakiruka kamba na kushuka kwenye kona, mmoja, kumi, mia. Waliinama. Walifuata mistari ya matairi kwa vidole, wakabishana Edson alianzia kukata wapi, Dionis alifunga breki wapi. Wazee walichuchumaa. Mtu mmoja alipima kwa hatua.

Miaka thelathini na mitatu alitengeneza barabara, na hakuwahi kumwona mtu ameshuka kuitazama.

Akashuka naye taratibu, akasimama katikati yao, mikono nyuma. Kijana mmoja aliyepiga magoti akainua uso.

"Samahani, mzee, sogea kidogo. Umekanyaga alama."

Elieza akasogea.